Steringi wa Mkanda wa Tatu

Naanza na neno, maana bila neno hilo hamtaelewa kwa nini watu wazima, wenye akili zao na wajukuu wao, walijazana kwenye mabenchi mchana kweupe wakingoja luninga iwaambie nani atolewe mjini. Neno lenyewe ni steringi. Steringi ndiye mwenye filamu. Akipigwa tunaguna, akipiga tunashangilia, na kila mtoto wa mji huu anajua, kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, kwamba steringi hafi. Aliye upande wa pili anaitwa adui. Basi, yameisha, hakuna jina la tatu. Lugha yetu ina jina la wali unaogandia chini ya sufuria, ina jina la nafasi iliyo wazi kati ya meno ya mbele, lakini sisi watu wa kibandani hatukuwahi kuona haja ya jina la mtu aliye huku na huku. Msinicheke. Nimelitafuta jina hilo mpaka kichwa kikaniuma.

Kazi yangu ni kutafsiri. Kile kibanda umiza cha kuonyeshea filamu, cha mabati, chenye magunia yaliyopigiliwa madirishani ili mchana ugeuke giza, ni changu. Luninga yenye mgongo ni yangu, deki ni yangu, na maikrofoni iliyofungwa kitambaa ni yangu pia. Mikanda huja na watu wa kofia pana na makoti marefu, weusi na weupe kama picha za zamani, wanatembea kwenye mvua isiyokatika, wanavuta sigara, wanapeana bahasha, wanasalitiana, na wote wanasema lugha ambayo hapa hakuna anayeijua. Mimi napunguza sauti zao, naweka yangu. Mwanamke akifungua mdomo, nabana koo. Mlevi akizungumza, naburuza maneno. Wanaonisikiliza hulia kweli, na wakitoka nje hunipisha njia.

Sasa nikiri hapahapa, nisije nikawachezea na nyinyi: lugha ile hata mimi siijui. Sijawahi kuijua. Nilianza kwa kubahatisha, nikaendelea kwa mazoea, na mwishowe nikawa natafsiri kwa kiburi.

Mji wetu hauna jina, na saa yake ilikwama kwenye saa nane mchana. Sisemi saa ya ukutani, nasema saa yenyewe. Jua limekaa palepale juu ya paa la ghala la pamba. Tunalala liko nje, tunaamka liko nje. Kinachotembea ni umri, nao unatembea unavyotaka. Niliwahi kuingia kibandani nikiwa kijana wa miaka ishirini na tano, nikatoka kwenda kununua betri za maikrofoni, muuza duka akaniamkia shikamoo. Nilidhani ananitania. Nilipojiona kwenye kioo cha kabati lake nikaitikia marahaba, nikalipa, nikarudi kazini. Watu wa hapa hatushangai sana.

Lakini kuna swali linaloninyima usingizi katika mji huu usio na usiku: nani humpa mtu jina la wema? Mwenyewe hawezi kujipa, maana akijipa tunajua ana lake jambo. Mama yake hawezi kumpa, kwa sababu mama humpa kila aliyemzaa. Majirani wanasema leo hivi, kesho vile, kutegemea kama umewasalimia. Basi anayempa ni mwenye maikrofoni. Na mwenye maikrofoni amepewa na nani? Mimi yangu nilipewa na fundi redio aliyekuwa anahama. Aliona ni nzito kubeba. Hakuna aliyeniuliza kama nafaa, hakuna aliyenipa mtihani. Nikaishika, nikaipuliza, nikasikia pumzi yangu imekuwa kubwa kuliko kifua changu. Tangu siku hiyo kila nililolisema lilikuwa limeshasemwa, likakaa, na mimi mwenyewe nikawa wa kwanza kuliamini. Sijui kama madaraka yote huanza hivyo. Nadhani mengi huanza hivyo.

Baraza la mji halina hakimu. Zamani mahakimu walikuwapo, wakawa wanasikiliza pande zote mbili mpaka watu wakachoka. Siku hizi likitokea baya, mkanda hukutwa mlangoni kwangu, na aliyeuleta hajulikani. Naupachika kwenye deki, na nyuso za wale watu wa makoti zinageuka polepole, zinakuwa nyuso za watu wetu. Kofia ni ileile, mvua ni ileile, lakini sura ni ya jirani yako. Natafsiri. Mkanda ukiisha, watazamaji wanauliza kwa pamoja, steringi nani? Namtaja. Anayebaki ni adui, na hupelekwa kwenye lango la kusini. Nje ya lango lile kuna weupe mtupu, hakuna barabara wala kivuli. Anayetolewa hupiga hatua tatu nne, na ukiwa bado unamtazama unaanza kusahau sura yake. Jina linabaki, sura inakwenda. Nilikuwa nimeshataja mara mbili, lango likafunguliwa mara mbili, na mara zote mbili nilikwenda kula nikashiba.

Kisha ghala la pamba likaungua.

Wanawake kumi na watatu walikuwa ndani wakichambua pamba. Mlango ulikuwa mmoja, umefungwa kwa nje. Saba hawakutoka.

Waliokamatwa ni wawili. Wa kwanza ni Inspekta Lubele, polisi mnene mwenye sauti ndogo. Mwaka uliotangulia alikwenda kulikagua ghala, akapokea bahasha, akaandika kwamba lina milango miwili. Ni yeye huyohuyo ambaye siku ya moto alibomoa ukuta kwa nyundo, akaingia, akawatoa sita, na mikono yake mpaka leo imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Wa pili ni Sizya, mtunza stoo, mtu mpole ambaye akikanyaga mguu wako anaomba radhi siku nzima. Yeye alifunga kufuli kama alivyoagizwa, kwa kuwa ilisemekana wanawake wanatoka na pamba ndani ya nguo, kisha akaenda kunywa chai. Sizya ni shemeji yangu. Amemwoa mdogo wangu Nyamizi. Na Nyamizi alikuwa ndani ya ghala siku hiyo. Ni mmoja wa wale sita.

Aliyetoa bahasha na aliyetoa agizo la kufuli ni mtu mmoja, mwenye ghala, Bwana Mpozi. Lakini Bwana Mpozi ndiye Mwenyekiti wa Baraza, na benchi la washtakiwa lina nafasi mbili tu, ya steringi na ya adui. Hakuna aliyeona pengo. Mimi mwenyewe sikuliona. Alipita kibandani kwangu kabla ya kikao, akaisifia maikrofoni, akauliza hali ya mgongo wangu. Akasema yeye hana upande, nimtaje nimtakaye, mradi litoke jina moja na watu wakapumzike. Alipoondoka nilijisemea kwamba huyu ndiye muungwana hasa. Ujinga wangu huo nauandika hapa usipotee.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Adui ni Lubele. Mkanda ulikuwa juu ya meza haujachezwa hata dakika moja, nami nilikuwa nimeshamtungia kicheko kibaya cha puani. Shemeji ni shemeji, na polisi aliyekula bahasha ni rahisi kumchukia. Watazamaji wangemla mzimamzima.

Ndipo akaja Nyamizi. Nywele zake upande mmoja zilikuwa zimeungua, amezifunika kwa kitenge, na alikataa kukaa. Alinieleza kwamba kila wakilala Sizya huamka, akaenda kulishika komeo la mlango wao, kuhakikisha halijafungwa, akarudi, akaamka tena. Hawazungumzi. Akanieleza pia kwamba alimpelekea Lubele uji mahabusu na kumlisha kwa kijiko, maana mikono yake haishiki kitu. Lubele hakumwomba msamaha. Aliuliza kama uji una sukari. Nyamizi alipofika hapo akacheka, kisha akalia, na mimi nikasimama kama gogo, sijui nimshike wapi mtu aliyeungua.

"Kaka," akasema, "aliyenifungia ni mume wangu. Aliyenitoa ndiye aliyeuandika mlango ambao haupo. Ukimtoa mmoja wao nje ya lango, unanitoa na mimi nusu."

Nikamwambia atulie, nimeshapanga, Sizya atarudi nyumbani.

"Sikuja kukuomba Sizya. Nimekuja kukuomba useme kilichomo kwenye mkanda, basi."

Akaenda zake. Ombi dogo kiasi hicho. Angeniomba nimwokoe mumewe ningeweza. Angeniomba nimwokoe polisi wake, ningenung'unika lakini ningeweza. Aliniomba kitu pekee ambacho sina.

Kilichomo. Kilichomo ni nini? Nilikaa na neno hilo. Nikajiambia, kilichomo ni kile watakachosikia. Nikajijibu, muongo wewe. Nikajiambia, hata ukijua lugha bado utachagua. Nikajijibu, kuchagua ukijua ni dhambi ya mtu, kuchagua hujui ni kitu gani? Nikajiambia, una miaka mingapi sasa, ishirini na tano au sitini? Nikajijibu, sijui. Na lugha? Sijui. Na wale wawili uliowatoa nje ya lango? Hilo halikuwa swali la kujiuliza mwenyewe mchana, na mji wetu hauna wakati mwingine.

Kikao kikaanza. Kibanda kilijaa mpaka waliochelewa wakachungulia kwenye nafasi za magunia. Baraza lilikaa mstari wa mbele, Bwana Mpozi katikati na kipepeo chake cha ukili. Pembeni ya luninga kulikuwa na benchi la wawili, Lubele na mikono yake myeupe mapajani, Sizya akiwa ameinama kama anayetafuta kitu sakafuni. Nyamizi alisimama nyuma kabisa. Nikapachika mkanda.

Mvua ikaanza kunyesha ndani ya luninga. Mtu mnene wa koti refu akaingia kwenye ofisi, na taratibu uso wake ukawa wa Lubele. Bahasha ikasogezwa juu ya meza na mkono ambao mwenyewe haonekani. Wanaotengeneza mikanda hii hupenda kuuonyesha mkono tu. Nikaanza kazi. Nikampa Lubele kile kicheko cha puani, na kibanda kikaguna kwa chuki kama nilivyotaka. Mlango wa chuma ukafungwa na mtu mwembamba, uso ukawa wa Sizya, nami nikamtilia mdomoni dua, nikamfanya aseme moyo wake unamuuma lakini watoto wanahitaji kula. Mama mmoja akaanza kulia. Nilikuwa nimewashika, nawaambieni, nilikuwa nimewashika wote.

Kisha moto, ambao niliuacha ujisemee wenyewe. Kisha barabara, mvua, taa moja. Wale wawili wakakutana. Mwembamba akatoa sigara, akamwekea mnene mdomoni, akamwashia, kwa sababu mikono ya mnene ilikuwa imeungua. Wakasimama pamoja. Wakaanza kuzungumza, si kwa ugomvi, wakizungumza kama watu waliobaki wawili tu kwenye msiba. Walizungumza muda mrefu. Nikafungua mdomo nimpe mnene tusi, nikainua macho, nikamwona Nyamizi. Hakuwa anatazama luninga. Alikuwa anatazama mdomo wangu.

Nikafunga mdomo.

Kwa mara ya kwanza kibandani kwangu zikasikika sauti zao wenyewe, chini kabisa, kama redio ya nyumba ya pili. Watu wakageuka. Mtu akapiga mluzi. Wakadhani betri zimekwisha. Mkanda ukafika mwisho, chenga zikajaa kwenye kioo, na likaja lile swali, kutoka mabenchi yote kwa pamoja, steringi nani?

"Sijui," nikasema. "Lugha hii siijui. Ya mkanda wa kwanza sikuijua, wala wa pili. Miaka yote nilikuwa natunga."

Walicheka. Wengine walidhani bado natafsiri. Kisha kicheko kikapungua benchi kwa benchi, mpaka akabaki mmoja anacheka, naye akanyamaza. Bwana Mpozi hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba Mtafsiri amechoka, na mtu aliyechoka haulizwi mengi.

"Taja jina tu," akasema. "Lolote kati ya hayo mawili."

Nikarudia kwamba sijui, na maikrofoni nikaizima. Ilitoa mlio mfupi.

Nilichotarajia ni mawe. Kilichotokea ni kwamba Lubele alisimama. Ile sauti yake ndogo ilibidi watu wanyamaze ndipo waisikie. Alisema kwamba tangu akamatwe amekuwa akijifunza usoni jinsi ya kuonekana steringi, kwa sababu asipoonekana yeye ataonekana mwenzake, na lango halirudishi mtu. Sasa kama hakuna steringi, basi amechoka kukaza uso. Bahasha alipokea. Mlango wa pili aliuandika yeye, kwa kalamu yake, akiwa anakula karanga. Na alipokuwa akibomoa ukuta hakuwa akibomoa kwa ushujaa. Alikuwa anautafuta ule mlango aliouandika, kwa kuwa alishaanza kuamini upo.

Sizya naye akasimama, huku bado ameinama. Alisema alijua mkewe yumo ndani alipofunga. Alifunga vilevile, kwa sababu kufunga ilikuwa kazi na chai ilikuwa tayari. Nyamizi kule nyuma alishika ukuta wa bati, na bati likalia.

"Bahasha ilitoka wapi?" mtu akauliza. Halikuwa swali la kelele. Lubele hakutaja jina, alitazama tu mstari wa mbele, na Sizya akatazama palepale, na sisi wengine tukafuata macho yao. Bwana Mpozi akaacha kujipepea. Akatangaza kwamba kikao kimeahirishwa. Kwa kawaida akisema hivyo watu husimama wote kumpisha, lakini safari hii hakuna aliyesimama, kwa hiyo ilimbidi apite kati ya magoti ya watu, akiomba radhi goti kwa goti, mpaka mlangoni. Hakuna aliyemfuata. Sijui kama tulimsamehe au tulikuwa bado hatujajua tumwiteje. Lango la kusini halikufunguliwa siku hiyo. Lubele na Sizya walirudi kuketi kwenye benchi lao bila kuambiwa, na Nyamizi akaja akaketi katikati yao, hakumgusa yeyote. Ningependa kuwaambia kwamba alitabasamu. Uso wake ulikuwa umechoka tu.

Watu wakatoka mmojammoja, hata wale watatu wa benchi la pembeni. Nilianza kukunja nyaya, nikiona aibu na nikijisikia mwepesi kwa pamoja, karibu nijipongeze. Nilikuwa nimesema kweli mara moja maishani, nikadhani inatosha.

Ndipo nikaona benchi la tatu bado lina mtu. Alikuwa Bi Tabu, anayeuza mafuta ya taa nyuma ya ghala, mama wa Mahundi. Mahundi ndiye niliyemwita adui wa mkanda wa pili. Bi Tabu hakuwa na hasira.

"Mwanangu ulimtunga pia?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia. Akaniambia kwamba tangu Mahundi avuke lango hawezi kukumbuka sura yake. Analo jina, analo shati lake, anayo harufu ya shati, lakini akifumba macho hapo penye uso ni peupe. Akauliza kama ule mkanda bado ninao. Ninao, nikasema. Akauliza kama bado una sura yake. Nikasema nadhani.

"Basi uweke. Na wewe unyamaze."

Nikauweka. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu fundi redio aniachie kazi: nilishika kitufe cha luninga nikaongeza sauti yao. Mvua ikajaa kibanda kizima. Nikaketi kwenye benchi la tatu kando yake, kwa sababu mbele sikuwa na haki ya kuketi. Wakapita watu wa kofia, ikapita gari, zikapita ngazi ndefu zenye kivuli, na juu ya ngazi akatokea kijana aliyeinua mikono yote miwili, mdomo wazi, polisi watatu chini wamemwelekezea bunduki. Uso ukageuka. Bi Tabu akashika goti langu bila kujua ni la nani.

Hapo ndipo nilipomfanya aseme, kwa sauti nzito isiyokwama, kwamba atawamaliza wote na mji wao. Nilikumbuka kila neno. Nilikumbuka jinsi kibanda kilivyolipuka.

Sasa sauti yake mwenyewe ilikuwa inatoka. Lugha siijui, nimeshasema. Lakini neno la kwanza lilitoka nusu, likarudi. Likatoka tena, likakwama palepale, kidevu kikatetemeka, mikono ikapanda juu zaidi kana kwamba neno liko huko. Polisi wakapiga hatua moja juu. Yeye bado yuko kwenye herufi ileile.

"Ana kigugumizi," nikasema.

"Tangu mdogo," akasema Bi Tabu. Alikuwa amesogea mbele kwenye benchi, shingo ameinyoosha, midomo yake ikienda pamoja na ya mwanawe. "Usimmalizie. Hapendi kumaliziwa."

Nikanyamaza, tukamngoja amalize.